Beji Yenye Alama za Meno

"Kaa basi, Marlys, usinisimamie hapo utadhani umekuja kuomba kura," alisema Mzee Wendell Dykstra. "Mwizi namjua. Kazi yako wewe ni kwenda kumkamata tu."

Marlys Tvedt hakukaa. Alikuwa mpelelezi wa ofisi ya sherifu kwa miaka mingi, na alishajifunza kwamba mtu anayekutajia jina la mwizi kabla hujavua hata glavu, mara nyingi atakupotezea siku nzima. Lakini huyu alikuwa Mzee Dykstra. Alimfundisha Biblia akiwa mtoto, na nusu ya mahindi yaliyolimwa kuzunguka mji wa Orrin Grove yalipita mikononi mwake kabla hajastaafu. Basi akamwacha aseme.

"Duane Pomeroy," mzee akasema. "Yule mchuuzi wa beji. Alikuja wiki iliyopita, akakaa hapo hapo, akanywa kahawa yangu, macho yake kwenye kabati. Mtu hanywi kahawa namna ile."

"Namna gani?"

"Bila kuitazama."

Kuta mbili za sebule zilikuwa makabati ya kioo kutoka sakafuni hadi karibu na dari. Ndani yake zilipangwa kampeni za urais za miaka zaidi ya mia moja: beji za bati za kila ukubwa, riboni za hariri zilizopauka, kofia za karatasi, leso zenye nyuso za watu waliokwisha kusahauliwa hata na wajukuu zao. Washindi na walioshindwa walikaa pamoja. Mzee hakuwahi kuwatenganisha.

Katika kabati la karibu na dirisha, safu ya tatu, palikuwa na pengo. Kitambaa cheusi kilikuwa kimepauka kote isipokuwa pale, palipobaki duara jeusi na tundu dogo la pini.

Marlys aliinama akamulika kufuli kwa tochi. Hakukuta mkwaruzo wowote. "Ufunguo unakaa wapi?"

"Juu ya saa ya ukutani. Umekaa hapo tangu mke wangu Berdine yuko hai."

Alipanda kiti, akatazama. Ufunguo ulikuwepo, lakini vumbi lililouzunguka lilikuwa limevurugwa. Mtu aliuchukua, akafungua, akachukua alichotaka, akafunga, akaurudisha mahali pake. Marlys alishuka, akaelekeza kidole kwenye safu ya juu. "Na hii yenye sura mbili?"

"Hiyo Pomeroy aliniambia inanunua trekta. Na si trekta kuukuu."

"Mbona ameiacha?"

"Kunikomoa!" mzee akafoka. "Wewe umesomea haya mambo, mimi nikufundishe?"

Marlys alipitia vyumba vyote. Mlango wa nyuma haukuwa umefungwa kwa ufunguo, na hilo halikumshangaza. Orrin Grove hakuna anayefunga mlango wa nyuma mchana. Pale ndani ya mlango, juu ya mkeka, kulikuwa na madoa mawili ya maji ya theluji yaliyokaukia na chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu, marefu, yamelala sambamba. Mtu mwenye mguu mkubwa alivua buti zake pale na kuzipanga.

"Mzee, ni wewe uliyevua buti hapa jana?"

"Mimi? Mimi naingia nazo mpaka jikoni. Nani aliyebaki wa kunikaripia?"

Marlys aliandika jambo hilo daftarini, akapiga picha mkeka, akaendelea na mengine. Baadaye angelikumbuka daftari lile na kutamani alichane.

"Sasa nieleze hiyo beji yenyewe," alisema, na safari hii akakaa.

Mzee aliketi mkabala naye. Sauti ilimshuka. "Ya Seneta Quist, alipogombea urais. Themanini na nane. Ya buluu, maandishi meupe. Haina thamani, ziligawiwa bwerere. Ila hii yetu ina alama za meno hapa chini." Aligusa ukosi wa shati lake. "Ilikuwa usiku wa kona. Baridi ya kuua mtu. Berdine alikwenda shuleni na Janelle mgongoni, hata mwaka hajatimiza. Tukasimama kona ya Quist, Berdine akamgeuzia mtoto kifuani, mtoto akaikamata ile beji akaitafuna mkutano mzima. Alikuwa na meno mawili tu, lakini bati liliingia ndani! Watu wakacheka, wakasema huyu ameshapiga kura."

Marlys aliujua usiku wa kona, alikulia humo. Hakukuwa na kisanduku wala pazia. Jirani waliingia ukumbi wa michezo wa shule, kila mgombea akapewa kona yake, na wewe ukaenda ukasimama mbele ya mwalimu wako, daktari wako na mama mkwe wako, kila mtu akuone. Kona isiyofikisha idadi ilivunjwa, na watu wake wakaanza kubembelezwa kwa biskuti na utani wahamie nyingine. Na alikuwepo usiku ule mwingine pia, miaka minane nyuma. Kona ya Mzee Dykstra ilikuwa imefikisha idadi kamili, bila mtu wa ziada. Ndipo Janelle, mwanawe wa pekee, ile beji ya Quist ya marehemu mama yake kifuani, alipovuka ukumbi kwenda upande wa pili. Kona ya baba yake ikavunjika. Mzee akasema, ukumbi mzima ukisikia, "Bora mama yako alikufa asione alichokizaa." Janelle alirudi, akaichomoa beji, akaiweka juu ya benchi mbele ya baba yake, akatoka. Hakukanyaga tena Orrin Grove.

"Ulikuwepo," mzee alisema.

"Nilikuwepo."

"Basi sina haja ya kukueleza." Alivuta kiboksi kidogo cha karatasi kutoka mezani, akakifungua. Ndani alikuwa ametandika pamba. "Nilikuwa nampelekea. Jumapili hii, baada ya kanisa. Miaka minane natafuta maneno, siyapati. Nikasema nitaiweka mkononi mwake tu, ataelewa. Bila hiyo beji nitakwenda na nini, Marlys? Nitagonga mlango nimeshika nini?"

Simu yake ililia mlio mfupi juu ya meza. Akaitupia jicho, akakunja uso. "Unaona? Kutwa nzima! Mtu sijawahi hata kumwona, ananiita Wendell. 'Wendell, muda unakwisha.' 'Wendell, nakupigia magoti.' Zamani walikuja wenyewe wakala keki ya Berdine, wakakushika mkono. Sasa wananiombea pesa mfukoni mwangu." Aligusa kioo kwa kidole kigumu, polepole, herufi moja moja. "Jirani yangu Twyla amenifundisha dawa. Sifungui, sisomi. Nikiona namba nisiyoijua naandika ACHA, kwisha habari yao."

"Na wanaacha?"

"Anaacha huyo, anakuja mwenzake."

Kabla Marlys hajaondoka, mzee aliandika ACHA mara mbili zaidi, na kila mara alionekana kuburudika kidogo. Hiyo ilikuwa Jumatano.

*

Alhamisi yote ililiwa na Duane Pomeroy.

Marlys alimkuta katika hoteli ya barabarani nje ya Des Moines, kwenye mnada wa wakusanyaji. Milango ya vyumba ilikuwa wazi ghorofa nzima, na katika kila chumba beji zilitandazwa juu ya vitanda, wazee wenye miwani ya kukuzia wakiziinamia huku wakitupiana maneno. Pomeroy alikuwa bonge la mtu mwenye kikoti chekundu, amekalia kigoda pembeni ya kitanda chake.

"Mpelelezi!" alisema alipoona kitambulisho. "Unanunua au unakamata?"

"Itategemea Jumanne ulikuwa wapi."

"Omaha. Kulikuwa na mnada kama huu. Muulize huyu, muulize yule, nilimshinda beji ya fedha mpaka leo hanisalimii." Mzee wa kitanda cha pili aligeuza uso kwa hasira, na hiyo peke yake ilikuwa ushahidi wa kutosha. Hata hivyo Marlys alitoka kwenye ujia, akapiga simu mbili Omaha, akarudi. Pomeroy alikuwa amesema kweli.

"Mzee Dykstra ameibiwa beji," alimwambia.

Pomeroy alisimama. "Ile ya sura mbili? Mungu wangu."

"Hapana. Ya Quist."

"Quist ipi?"

"Yenye alama za meno."

Pomeroy alimtazama, kisha akarudi kukaa, akacheka mpaka kigoda kikalia. Akainama uvunguni, akavuta kopo kuukuu la kahawa, akalimimina kitandani. Zilikuwa beji za Quist tupu, za buluu, kadhaa wa kadhaa. "Chukua! Chukua za kutosha, kawape watoto. Hizi zilijazwa kwenye bakuli kila ofisi ya kampeni, unapita unachota kama pipi. Nilimwambia mzee nampa dola moja kwa huruma, ile imeharibika. Bwana wee, alinitazama utadhani nimemtukania marehemu."

"Umemtukania kweli."

Mchuuzi aliacha kucheka. Alianza kuzirudisha beji kwenye kopo, moja moja. "Samahani. Sikujua." Kisha akaendelea. "Unajua, dada, siku hizi hakuna bakuli. Hata ofisi hakuna. Unainunua beji kwa simu, unalipa kwa kadi, wanakuletea kwa posta, na namba yako wanakaa nayo mpaka unakufa. Zamani walikupa beji kukushukuru umekuja. Siku hizi wanakuvulia nayo samaki, na samaki ni wewe."

"Nani angeiba hiyo ya meno na kuacha ya sura mbili?"

"Si mwenzetu," Pomeroy alijibu bila kusita. "Mwenzetu angebeba ya sura mbili na kioo chake. Huyo aliyechukua ya Quist hakuja kuiba beji. Alikuja kuchukua kitu chake."

Marlys aliendesha gari kurudi gizani, kwenye barabara yenye barafu, na njia nzima alikuwa na ule mkeka kichwani. Mwizi aliyejua ufunguo ulipo. Mwizi aliyevua buti. Mambo hayo alikuwa nayo tangu Jumatano, na badala ya kuyafuata alikwenda kuhesabiwa beji kitandani. Alijiita mjinga kwa sauti, ndani ya gari, peke yake.

*

Twyla Ebersole aliishi ng'ambo ya barabara, na Ijumaa asubuhi alikuwa ameshamimina kahawa kabla Marlys hajagonga.

"Mimi sichungulii watu," alisema. "Ila dirisha langu limetazama huko, nifanyeje? Nilivunje?"

"Jumanne uliona nini?"

"Nilimwona mtu wa kampeni. Mwanaume mtu mzima, koti jeusi, bahasha mkononi. Aligonga kwa Wendell. Wendell akamfokea kupitia dirishani, 'Nimewachoka! Shukeni kwenye baraza langu!' Unajua alivyo, na televisheni yake inasikika mpaka kwangu. Yule mtu akasimama pale, anasema kitu, Wendell akashusha pazia. Akarudi kwenye gari akakaa. Nikasema huyu anapasha mikono moto, maskini."

"Akaondoka?"

"Sijui. Wendell alikwenda kahawa na wenzake kituo cha mafuta, kama kawaida yake. Na mimi nilikuwa na keki kwenye oveni."

"Alikuachia karatasi mlangoni, huyo mtu wa kampeni?"

"Hapana."

"Alikuja kwako?"

"Hakuja!" Twyla alionekana kuudhika. "Na mimi napiga kura kama Wendell."

"Mama Ebersole, mwaka huu chama chenu kinapiga kura kwa posta. Usiku wa kona umefutwa. Sasa huyo aligonga mlango kumwombea nani?"

Twyla aliweka kikombe chini. "We! Hata sikufikiri," alisema. "Ni Januari. Januari mlango ukigongwa ni wao. Imekuwa hivyo tangu nimeolewa."

"Gari uliliona?"

"La kijivu. Namba ya hapa hapa jimboni, na jina la kaunti chini yake, Linn. Macho bado ninayo."

Marlys alifunga daftari. Makao ya kaunti ya Linn ni Cedar Rapids. "Janelle anaishi wapi siku hizi?"

Yule mama alitazama ng'ambo ya barabara. "Huko huko Linn," alisema. "Aliolewa na mwalimu. Wendell hakwenda harusini. Huyo mkwewe hajamwona hata kwenye picha."

*

Nyumba ya Curtis Vondra, mume wa Janelle, huko Cedar Rapids, ilikuwa na magari mengi mbele. Jikoni wanawake watatu walikuwa wakipanga mabakuli yaliyofunikwa kwa karatasi ya fedha, viazi vya kuoka, nyama ya nguruwe, na walizungumza kwa sauti ya chini. Marlys alisimama mlangoni na hakuhitaji kuambiwa. Alikuwa amechelewa.

Curtis alikuwa mwanaume mrefu, macho mekundu, soksi tupu miguuni. Alitazama beji ya kazi kwenye mkanda wa Marlys. "Wewe ni polisi wa kwao," alisema. "Mzee simu alishindwa kupiga, polisi ameweza kuwatuma."

"Pole sana, shemeji. Lini?"

"Leo alfajiri. Kansa ya kongosho. Tuligundua msimu wa mavuno, na tayari ilikuwa imeenea."

Alimpeleka chumba cha nyuma, akafunga mlango. Hakukana lolote. "Niliingia, ndiyo. Aliniambia ufunguo uko juu ya saa. Aliniambia na buti nivue mlangoni, mama yake hapendi matope. Mama yake aliyekufa! Anahema kwa taabu na bado ananikumbusha buti." Alijifuta uso kwa kiganja. "Hakutaka kingine. Wiki nzima anaota ile beji. Nikaona nitaenda nimwombe baba mtu, nimpe na picha zake za hospitali aone hali yenyewe, aje. Ulisikia alivyonijibu?"

"Nimesikia."

"Nilimpelekea. Aliishika mpaka mwisho. Alikuwa anapitisha kidole gumba kwenye vile vishimo, hivi, hivi. Nimemwachia mkononi. Kama mnaitaka, mtaifungua mikono yake nyie wenyewe. Mimi siwezi."

"Kwa nini hukumwandikia baba yake kabla?"

Curtis alicheka, na kicheko kile kilikuwa kibaya kusikia. Akatoa simu, akamwekea mbele ya macho.

*Wendell, muda unakwisha. Tafadhali nipigie kwa namba hii. Mimi ni Curtis, mume wa Janelle. Ni mgonjwa sana na anakuulizia.*

Chini yake, jibu: *ACHA.*

*Wendell, nakuomba. Zimebaki siku chache. Hata dakika moja tu kwenye simu.*

*ACHA.*

Marlys alitafuta kiti kwa mkono, akakaa. Alimwona mzee, kidole kigumu juu ya kioo, herufi moja moja, akiburudika.

"Janelle aliona haya majibu?"

"Nimwonyeshe? Mimi ni mnyama?" Curtis alisema. "Kila siku aliuliza, baba amejibu? Nikamwambia simu ya mzee imeharibika. Akasema ndivyo alivyo, hajui kuchaji. Akacheka."

"Curtis, nisikilize. Hakusoma."

"Usimtetee."

"Simtetei. Watu wa kampeni wanamwandikia kutwa. Wanamwita Wendell. Wanamwambia muda unakwisha, maneno hayo hayo. Ukiwajibu ACHA wanaliondoa jina lako. Anaandika bila kufungua. Jumatano nilikuwa sebuleni kwake, nikamwona akiandika mara tatu."

Curtis alitikisa kichwa, akakitikisa tena. Ilionekana chuki ile ndiyo iliyokuwa ikimsimamisha wima, na sasa mtu alikuwa akimnyang'anya. "Jumatano," alisema taratibu. "Jumatano alikuwa bado anaongea."

Hakusema kwa kumlaumu, na hakujua alichokisema. Marlys ndiye aliyejua. Kutoka Orrin Grove hadi nyumba hii ni mwendo wa asubuhi moja tu.

"Mwambie mazishi ni Jumatatu," Curtis alisema alipomsindikiza mlangoni. "Akija, asikae nyuma. Nitamwachia nafasi mbele."

*

Mzee Dykstra alikuwa barazani, koti mwilini, akizoa theluji ambayo ilishaondolewa. Alipoliona gari alisimamisha koleo.

"Umempata?"

"Nimempata. Si Pomeroy. Twende ndani, mzee wangu."

Ndani alimkalisha. Alikuwa amepanga maneno njiani, na yote yalimtoka. "Janelle amefariki," alisema. "Leo alfajiri, Cedar Rapids. Alikuwa na kansa."

Mzee alimtazama kana kwamba anamsubiri amalize. "Janelle yupi?" aliuliza.

"Wako, mzee."

"Hapana. Nakwenda kumwona keshokutwa." Alikigusa kile kiboksi mezani. "Nimeshamwambia mchungaji kwamba sitabaki kwa kahawa."

 Habari ikamfikia mzee polepole, kwanza mikononi, kisha usoni. Alilia kama wanavyolia watu ambao hawajazoea, bila kujua auweke wapi mdomo wake. Marlys alimshika bega mpaka akatulia kidogo.

"Mbona hakuna aliyeniambia?" mzee alisema. "Hata kama ananichukia. Mtu mmoja hakuweza kuniambia?"

Mpelelezi angeweza kusema uongo. Curtis alisema wa kwake, na ulikuwa uongo mwema. Lakini simu ilikuwa pale mezani, na siku moja mzee angeifungua peke yake, nyumbani humu, bila mtu.

"Walikuambia," alisema. "Yule mtu wa Jumanne alikuwa mkweo. Na kabla ya hapo alikuandikia. Naomba simu yako."

Aliitafuta kati ya maombi yote yale, Wendell huyu, Wendell yule, mpaka akaifikia namba ya Curtis. Akampa. Mzee alivaa miwani. Alisoma kwa midomo, polepole, neno kwa neno, kama alivyokuwa akisoma Biblia mbele ya watoto. Alipofika kwenye jibu la kwanza alisimama. Akashuka kwenye la pili.

"Nilidhani ni wao," alisema. "Marlys, nilidhani ni wao."

"Najua."

"Aliliona? Alikufa akijua nimemjibu hivi?"

"Hakuona. Mumewe alimwambia simu yako imeharibika. Akasema ndivyo ulivyo, hujui kuchaji. Akacheka."

Mzee alishika kinywa. Nyuso zote zile za bati zilikuwa zikitabasamu nyuma ya kioo. Marlys alitoa daftari kwa sababu hakujua afanye nini kingine na mikono yake.

"Kuna kazi moja imebaki," alisema. "Mkweo aliingia hapa na kuchukua beji. Janelle aliishika mpaka mwisho, na bado anayo. Wewe ndiye uliyeleta malalamiko, ni lazima niandike kauli yako. Ukiitaka, itarudishwa."

"Andika hakuna wizi. Andika nilimpa."

"Nitahitaji kusema ulimpa lini."

"Themanini na nane," alisema mzee. "Alipokuwa na meno mawili. Ilikuwa yake tangu siku hiyo. Mimi nilimtunzia tu, na kutunza kwenyewe sikujua."

Marlys aliandika maneno hayo kama yalivyosemwa. Mzee akatia sahihi. Marlys alimwambia kuhusu mazishi ya Jumatatu, kuhusu ile nafasi ya mbele, na kwamba yeye mwenyewe atakuja kumchukua kwa gari. Mzee aliitikia kwa kichwa.

Alikuwa akivaa glavu mlangoni simu iliposikika, safari hii si ujumbe, ilikuwa ikiita. Namba haikuwa na jina. Mzee Dykstra aliinyakua kwa mikono miwili, akakaribia kuiangusha.

"Haloo," alisema. "Wendell hapa. Nakusikiliza."

Ilikuwa sauti iliyorekodiwa, changamfu, Marlys aliisikia kutoka pale aliposimama, ikisema huu ni uchaguzi muhimu kuliko wote maishani mwetu. Alingoja mzee akate. Hakukata. Aliisikiliza ameinamisha kichwa, simu ameibana sikioni, na ilipomaliza akaishukuru.